Mwaka Yaya Alipokuja Kunishtaki

Tulipomzika wifi yangu Mwendwa, mchungaji kijana aliyeongoza ibada alisimama kando ya kaburi akasema kwamba marehemu aliletwa kwa Bwana na mimi, Bibi Damari, niliyekuwa nimekaa pale mbele na fimbo yangu. Watu wakageuka kunitazama, wajukuu wakanyoosha shingo. Mimi nikaguna. Niliguna kwa sauti, maana umri huu unampa mtu ruhusa ya kuguna hata makaburini. Si kweli, jamani! Mwendwa hakuletwa na mimi. Aliyemleta ni mama yake mzazi, ambaye ndiye mama mkwe wangu, na huyo mama mkwe naye hakuletwa na mtu yeyote: alikuja kwa miguu yake mwenyewe, hasira zimemjaa kooni, kuja kunishtaki. Baada ya mazishi, tulipokuwa tunakula, nikamwambia mchungaji, "Mwanangu, umehubiri vizuri, lakini sifa umempa asiyehusika." Akacheka akasema, "Basi, bibi, tuandikie ilivyokuwa." Haya, naandika. Ni mambo ya enzi ya Mdachi, na nilioyaona nao wote wameshatangulia. Mwendwa alikuwa wa mwisho.

Sitawachosha na habari za baba zangu na babu zangu. Nianzie pale nilipokuwa mke mpya, jina langu bado Nyemo, ndani ya tembe la wakwe zangu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mvumi. Vijana wa siku hizi mnaoishi chini ya mabati hamjui tembe lilivyokuwa. Nyumba ndefu ya miti na udongo, paa tambarare la udongo, imezunguka zizi pande zote, hata ukitoka mlangoni unakutana uso kwa uso na ng'ombe. Ndani giza na moshi, na vyumba vimetengwa kwa kuta zisizozuia hata kikohozi. Chumba changu kilipakana na chumba cha kusagia, na cha kusagia kilipakana na cha mama mkwe, ambaye nilimwita Yaya, kama sisi Wagogo tunavyowaita mama zetu. Akigeuka kwenye ngozi yake nasikia. Nikipiga chafya ananiuliza nimekula nini. Mume wangu Chilumba hakuwepo. Alikuwa amekwenda na vijana wenzake kubeba vyuma vya reli ambayo Wadachi walikuwa wanaileta kutoka pwani, na hakuna aliyejua atarudi lini. Kwa hiyo nilibaki mimi, Yaya, baba mkwe, ambaye kwa heshima jina lake sikulitamka hata siku moja na sitaanza leo, pamoja na Mwendwa, dada yake Chilumba, rika langu, mwenye kicheko cha kuamsha watoto waliolala. Namshukuru Mungu kwa nyumba ile. Ilinibana, ilinifukiza moshi, lakini ilinilea.

Nilikuwa msomaji tayari nilipoolewa. "Wasomaji" ndivyo tulivyoitwa sisi tuliofuata dini, hata asiyejua kusoma. Kulikuwa na kanisa dogo la udongo ng'ambo ya korongo, na mwalimu wetu alikuwa Mzee Yakobo, Mgogo mwenzetu, mtu wa mvi na sauti nzito, mkali kweli kweli. Nilikuwa katika darasa la ubatizo na nilitazamiwa kubatizwa Krismasi. Mnaniuliza kilichonivuta? Mzee Yakobo alisema siku moja kwamba Mungu husikia hata neno linalonong'onwa juu ya jiwe la kusagia. Kwanza nilitishika, maana juu ya jiwe la kusagia nilikuwa nasema mengi, na mengine yalimhusu Yaya. Kisha nikafurahi. Nikaanza kusali nikisaga uwele, nimepiga magoti kama ilivyo kawaida yetu wanawake, mikono inakwenda na mdomo unakwenda. Yaya akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, "Nyemo, unaongea na nani?" Nikajibu, "Na Mungu, Yaya." Akauliza, "Anakujibu?" "Bado, Yaya." Akasema, "Basi akikujibu mwambie unga umekuwa mzito, asikucheleweshe."

Ndivyo alivyokuwa. Mrefu, mkavu, ulimi kama upupu, na mkono wa kutoa. Hakunizuia kwenda kusoma maadamu maji yamechotwa na uwele umesagwa. Na mimi, kwa moto wa ujana wangu, nilimwalika kila mtu kwa Yesu. Nilialika wanawake kisimani, nilialika wapita njia wanaobeba chumvi, nilimwalika hata askari wa Mdachi aliyekuja kudai kodi, naye akaniambia nimletee maji ya kunywa niache maneno. Yaya peke yake sikumwalika. Mkaza mwana hamfundishi mama mkwe njia. Hata leo ningeona haya. Nilimwombea tu nikisaga, kwa sauti ya chini sana ili ukuta usinisaliti.

Kiangazi cha mwaka ule ng'ombe wakaanza kuugua. Wengine waliuita sotoka, wengine walisema ni kitu kingine; mimi najua tu kwamba ng'ombe alitokwa na machozi asubuhi, akaacha kula, na baada ya siku chache mnamvuta kwa kamba kwenda kumtupa. Kwetu Ugogo mwaka wa namna hiyo hauhitaji kuelezwa. Ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni mahari ya kijana, ni heshima ya mzee barazani. Tembe la jirani walibaki na zizi tupu. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda bila maziwa, kila mmoja akisikiliza ng'ombe wanavyopumua nje ya mlango. Hata Mwendwa aliacha kucheka.

Wazee wakaenda kwa mganga, wakarudi na neno ambalo wazazi wetu walikuwa nalo tangu zamani. Nchi imeingiwa na upepo mbaya, na upepo huo wanaoweza kuutoa ni wanawake. Desturi yenyewe ni hii: wanawake wote wanavaa nguo za waume zao, wanachukua fimbo na mikuki, wanachunga ng'ombe kama wanaume, na wanaume wanakaa nyumbani. Siku ya mwisho kila mwanamke anashika tawi lililochovywa dawa ya mganga, na wote pamoja wanaucheza ule ubaya, wanausukuma kwa ngoma na nyimbo hadi mpakani, huko wanautupa bwawani. Lakini lazima wawe wote. Akikosekana mmoja, upepo hubaki kwake, na kwake ndiko utakakorudi zizini. Hilo ndilo lililokuwa na uchungu. Laiti kungekuwa na ruhusa ya mmoja kukaa kando, nani angejali habari za Nyemo?

Mzee Yakobo alikuwa safarini, amekwenda kutembelea wasomaji wa upande wa Mpwapwa, kwa hiyo sikuwa na wa kumwuliza. Nilisaga siku nzima nikiwaza. Kuwaheshimu wazazi nimeagizwa. Kutokuwa na miungu mingine nimeagizwa. Mikono yangu ni miwili tu, nifanye nini? Mwisho nikaona jambo moja: ng'ombe si mzimu. Kuchunga ng'ombe wa mkwe wako si dhambi, na nguo ya mume wako ni nguo tu. Lakini tawi lile lilikuwa ni kumwambia mwingine, "wewe ndiwe mwokozi wetu," na hilo nilikuwa nimeshalisema kwa Yesu. Nikamwendea Yaya alipokuwa anapepeta, nikapiga magoti.

"Yaya, nitachunga. Nitachunga mpaka miguu ikatike. Lakini tawi la dawa sitalishika, na mpakani sitakwenda."

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Umesema?"

"Sitalishika, Yaya. Nisamehe."

"Weee! Unajua wakifa watasema ni nani?"

"Ni mimi."

"Hawatasema ni wewe! Watasema ni mimi, niliyemwoza mwanangu mwanamke mkaidi!" Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Aliweka ungo chini, akapiga magoti mbele yangu, yeye na mvi zake, akanishika mikono. "Nyemo, mwanangu. Nakusihi. Ni tawi tu. Mungu wako hataona, kutakuwa na vumbi."

Nililia. Hata sasa nikikumbuka macho yanajaa. Kukataa amri ya mkubwa ni kazi, lakini kukataa magoti yake ni kazi kubwa zaidi. Nilisema, "Anaona, Yaya," basi. Akainuka, akachukua ungo wake akatoka, na toka hapo hakunisemesha.

Zile siku za kuchunga, nisiwafiche, zilikuwa na raha yake. Nilivaa mgolole wa Chilumba, nikachukua mkuki wake, maana simba hajui kama huu ni mwaka wa wanawake, nikaenda porini na kina mama na wasichana wa matembe yote. Wanawake waliokuwa hawajawahi kuvuka korongo walitembea kwa mikogo, wakikohoa kizee na kutema mate mbali. Mwendwa aliigiza baba yake akigawa nyama, tukacheka mpaka mbavu zikauma, na ugonjwa wote ule! Nyumbani nako wanaume wameshika tama. Baba mkwe alijaribu kupika ugali akaunguza, akasema chungu ndicho kibaya. Niliwachunga wale ng'ombe kwa moyo wangu wote. Waliokuwa dhaifu niliwatafutia kivuli, niliwachotea maji kisimani wasitembee. Ilikuwa njia yangu ya kumwambia Yaya kwamba nampenda. Kama alisikia, sikujua.

Siku ya mwisho, asubuhi, wanawake walikusanyika mbele ya matembe, na mimi nimo katikati yao, mgolole wangu na mkuki wangu, kwa sababu ng'ombe walikuwa pale na ilikuwa lazima mtu awashike. Nyimbo zikaanza. Wakati huohuo akapita Mzee Stefano, mzee wa kanisa letu, akitoka kumwangalia mgonjwa. Alinitazama, nikamtazama. Nikamwamkia kama kawaida, "Mbukwa!" Hakuitika. Akaendelea na njia yake akiwa ameinamisha kichwa. Muda mfupi baadaye mganga akaja na matawi yake, wanawake wakapokea mmoja mmoja, hata kikongwe mmoja asiye na jino aliyebebwa mgongoni. Mimi nikawageuza ng'ombe nikaenda nao malishoni peke yangu. Ngoma ilikwenda upande wa machweo, mimi nikaenda mawio. Nilisikia zile nyimbo zikififia, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Sikuogopa simba. Niliogopa kuwa mtu asiye na watu.

Jumapili Mzee Yakobo alikuwa amesharudi. Baada ya ibada akaniita mbele ya wazee wa kanisa. Mzee Stefano akasema alichokiona, na hakuongeza chumvi hata chembe: nilivaa mavazi ya mila, nilishika mkuki, nilisimama katikati ya ngoma. Ilikuwa kweli tupu. Nikasema, "Nilichunga tu, baba. Tawi sikushika." Mzee Yakobo akaniangalia kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Binti, wote husema hivyo. Mwaka jana mmoja aliniambia alikuwa anapita tu. Aliyekuwa anapita tu ana dawa kiunoni mpaka leo." Akaniondoa kwenye darasa la ubatizo. Nikae nyuma, karibu na mlango, pamoja na wanaoanza, mpaka mwaka ujao watakaponitazama upya. Nikasema ndiyo, baba. Msidhani nilikuwa mpole kwa asili, mnanijua. Ndani nilikuwa nachemka! Lakini nilijiambia, Nyemo, ulimtii Mungu usipate sifa, sasa wataka kumtii upate sifa? Nikaenda kukaa mlangoni. Nyumbani sikusema neno. Ningemwambia nani? Wangesema, ona, hata hao wenu wamekukataa.

Baada ya majuma mawili hivi ng'ombe wa Yaya akafa. Hakuwa ng'ombe wa zizi tu, alikuwa wake mwenyewe, wa maziwa, aliyeletwa na kaka yake, na alikuwa akimkamua huku akimsemesha. Alianguka jioni na asubuhi tukamkuta amekwisha kukakamaa. Wengine walipona, wengi tu, na hapo ndipo shida ilipozidi: walipona kwa sababu ya matawi, wakasema watu, na huyu amekufa kwa sababu ya Nyemo. Yaya hakunipiga wala hakunitukana. Alifanya lililo baya kuliko yote. Jioni ile chungu cha mlenda kilipowekwa na ugali pembeni, nikanawa, nikanyoosha mkono, yeye akauondoa wake. Akangoja. Nikaelewa. Nikachukua donge langu nikaenda kula chumba cha kusagia peke yangu, gizani, nimeegemea jiwe. Ikawa hivyo kila siku. Mwendwa aliniletea mlenda kwa siri kwenye kipande cha kibuyu, akaketi nami kidogo. Ninyi mnaokula kila mtu na sahani yake mbele ya redio hamwezi kujua ilivyo kuona mkono wa mama ukiondoka chunguni kwa ajili yako.

Ule ukuta nao ukaniletea maneno. Nilimsikia baba mkwe akisema, "Arudishwe kwao. Warudishe ng'ombe wetu wa mahari, tujazie zizi. Chilumba akirudi atatafutiwa mwingine." Yaya akasema, "Kabla hajaenda, nitakwenda kwanza kwa hao waliomharibu. Wanirudishie mkwe wangu kama nilivyompokea. Wakishindwa, afungashe." Nililala chali nikatazama moshi kwenye paa. Darasani nimetolewa, na nyumbani natolewa. Nilimwambia Mungu waziwazi, "Sasa hata wewe ukininyamazia, nitakwenda wapi?"

Jumapili iliyofuata tulikuwa kanisani, mimi mlangoni, Mzee Yakobo anafundisha, mlango ukatiwa giza. Yaya! Amevaa kaniki yake nzuri, fimbo mkononi, amejipaka mafuta kama anayekwenda barazani kwa mtemi. Akanivuka bila kunitazama.

"Mbukwenyi!" akawaamkia wote, maana ugomvi hauondoi adabu.

"Mbukwa," wakaitika.

"Mkubwa hapa nani?"

"Ni mimi, mama," akasema Mzee Yakobo. "Karibu kigoda."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kushtaki. Wewe ndiwe unayewafundisha wake za watu ukaidi? Nilimpokea mkaza mwana mtiifu, anasaga, anachota maji, hana neno. Mkamchukua mkamwingizia vitu kichwani. Wanawake wote wa matembe yetu walishika tawi. Wote! Kikongwe asiye na jino alibebwa akashika. Huyu peke yake akakataa! Nilimwamuru akakataa. Nilimpigia magoti, mimi, mwenye mvi hizi, nikamwambia ni tawi tu. Akaniambia, 'Yaya, nitachunga mpaka miguu ikatike, lakini tawi sitalishika na mpakani sitakwenda.' Na kweli hakwenda! Alikwenda na ng'ombe peke yake kama mwendawazimu. Sasa ng'ombe wangu amekufa, na ninyi mmekaa hapa mnaimba!"

Kanisa zima likapigwa na butwaa. Mzee Stefano alishusha uso. Mzee Yakobo akakifunga kitabu polepole.

"Mama, tafadhali, sema tena. Hakushika tawi?"

"Unasikia na masikio au na mabuyu? Angelishika, mimi ningefuata nini hapa?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Nami nilikuwa nimejifunika uso kwa nguo. Nilisikia miguu ya Mzee Yakobo ikija, kutoka mbele kabisa, ikipita katikati ya watu. Nilipofunua macho alikuwa amepiga magoti mbele yangu, pale mlangoni wanapokaa wanaoanza, mtu aliyewafundisha watu wazima kunizidi, ambaye hata wazee wasioamini humpisha njiani. Akasema kwa Kigogo, kwa sauti ya kufika kila pembe, "Nyemo, nimekukosea. Uliniambia kweli nikakuita mwongo. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako, na mbele ya mama yako huyu. Nisamehe." Na nyuma yake akaja Mzee Stefano naye akapiga magoti, akasema, "Hata salamu yako sikuitikia. Nisamehe, mwanangu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema, "Nimewasamehe, baba zangu, inukeni, inukeni jamani, mnaniua!" Ndipo nikamwona Yaya. Alikuwa amesimama palepale, mdomo wazi, akiwatazama wale wazee wawili chini. Katika maisha yake yote alikuwa hajaona mwanamume mwenye mvi akimpigia magoti mwali, na kusema nimekosa, mbele ya watu, bila kulazimishwa na mtu. Kwetu mzee akikosea, dunia ndiyo hujirekebisha. Mzee Yakobo alipoinuka akamgeukia, "Na kwako mama, pole kwa ng'ombe wako. Amekufa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kukupa pole. Hilo nalo ni kosa letu." Yaya akafunga mdomo. Akashika fimbo yake vizuri, akasema, "Nyemo, twende nyumbani," na tukaenda.

Tulivuka korongo, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipokaribia matembe akasema bila kugeuka, "Yule mzee. Hukumwambia kwamba anakuonea?"

"Nilimwambia, Yaya. Hakuamini."

"Na ukakaa mlangoni majuma yote hayo. Na mimi kwangu umekaa kwenye jiwe."

"Ndiyo, Yaya."

Jioni chungu kilipowekwa nilichukua donge langu nikainuka kama nilivyozoea. "Unakwenda wapi?" akauliza. "Mlenda unapoa." Nikarudi, nikakaa, akaingiza mkono chunguni, akaniacha niingize wangu. Baba mkwe alitaka kusema kitu, akatazamwa, akameza. Habari ya kunirudisha kwetu haikutajwa tena.

Juma lile Mzee Stefano akaja anamwongoza ng'ombe na ndama wake. Mnajua desturi yetu ya kumweka ng'ombe kwa rafiki, akamuliwe huko, ndama wakizaliwa waangaliwe huko. Ni jambo la kawaida, lakini hakuna mwenye akili timamu anayemweka ng'ombe mzima katika zizi lililotoka kwenye ugonjwa. Ndugu zake walimwambia amerukwa na akili. Yeye akasema kwa Yaya, "Mama, nimesikia nyumba hii haina maziwa." Usiku na mchana nilimwombea yule ng'ombe kuliko nilivyojiombea mwenyewe. Akapona! Namaanisha hakuugua kabisa, alinenepa. Baba mkwe alisema mpaka anakufa kwamba ni kwa sababu ya matawi. Mwacheni. Yaya alimkamua kila asubuhi, na sasa nilimsikia ukutani akimsemesha ng'ombe wa mtu mwingine, habari ndefu ndefu, na mara nyingine jina langu lilikuwamo.

Jumapili akaanza kunifuata. Hakuniambia anakwenda kufanya nini. Alibeba kigoda chake kichwani, akakaa nyuma, na kila mara akanibonyeza kiunoni akiuliza kwa sauti, "Leo ni nani anaomba radhi?" Watu wakacheka, mimi nikafa kwa aibu. Mwendwa akafuata kumcheka mama yake, akacheka mara mbili tatu, kisha akawa anasikiliza kumzidi mama yake. Basi mchungaji wangu, hapo ndipo Mwendwa alipoanzia, na hakurudi nyuma mpaka juzi tulipomfukia. Mimi nilirudishwa darasani, na Krismasi ikawa imekaribia. Nikitazama nyuma namshukuru Mungu hata kwa ule mlango niliowekwa kukaa, hata kwa lile jiwe, maana sijui ni mahubiri gani yangemfikia mwanamke yule. Mimi nisingeyaweza. Nilikuwa nimewaalika wote waliopita, na aliyekuwa upande wa pili wa ukuta nilikuwa sina ruhusa ya kumwalika.

Siku moja kabla ya ubatizo wangu, asubuhi, nilikuwa nasaga, uwele wa kutosha kwa wageni. Yaya akaingia na kikapu chake, akapiga magoti kwenye jiwe la pili, mbele yangu, akaanza kusaga. Alikuwa hasagi tena siku hizo, magoti yalimwuma. Tulisaga muda, mawe yakiitikiana. Kisha jiwe lake likanyamaza.

"Nyemo."

"Naam, Yaya."

"Mimi nami nimekosa." Hakunitazama, alitazama unga. "Nilikutenga chunguni. Kosa lako nilikuwa silioni vizuri, lakini ng'ombe alikuwa amekufa na nilitaka mtu. Nimekosa."

Machozi yalinidondoka juu ya unga. Yeye akajifuta mikono kwenye kaniki, akaniangalia kwa ukali wake uleule, kama anayeuliza kama maji yamechotwa.

"Haya, nimeshasema. Wazee wako huwa wanasema, kisha wanainuka. Mimi niambie, mtu akishasema hivyo, anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, Yaya. Anasamehewa."

"Basi?"

"Basi, Yaya."